Tundu Tupu la Taya

Nilikwenda kliniki ya Wheaton kusafishwa meno tu. Sikuwa na maumivu wala uvimbe. Picha ya taya ikaonyesha weusi chini ya magego ya kushoto, ukingo wake umepanda katikati ya mizizi bila kuisukuma. Daktari akayagusa magego kwa barafu, yote yakashtuka. "Meno yako hai," akasema. "Nadhani ni tundu tupu ndani ya mfupa. Halifanani na saratani, ila tufungue tuhakikishe." Mchumba wangu alikuwa kando yangu, akasikia kila neno.

Kosa langu lilikuwa kumwambia shangazi yake, kiongozi wa maombi kanisani kwetu Hyattsville, kwamba daktari ameona kivuli kwenye picha. Jumapili akashika maikrofoni: "Dada yetu ana kansa ya taya. Tumshike kwa maombi!" Wiki hiyohiyo familia yao ikaahirisha harusi, eti mpaka mambo yajulikane. Nikamsihi mchumba wangu aseme ukweli. "Si unamjua Auntie," akajibu, basi.

Nilimchukia shangazi. Mchumba wangu nilimchukia zaidi.

Daktari alipofungua, hakukuta kitu ila uwazi na matone ya damu. Akakwangua kuta zake zitoe damu, akashona. Kwa damu hiyo mfupa ungejijaza wenyewe. Jioni shangazi akapiga simu: "Mungu ametenda! Kansa imeyeyuka! Sunday utatoa ushuhuda, na harusi iendelee."

Nilikubali upesi mno, mtu makini angeogopa. Wahenga husema hasira hasara. Yangu ilinipa usingizi mzuri wiki nzima.

Jumapili nikasimama mbele na picha ile ya kwanza. "Hii ilipigwa kabla hajaniombea mtu," nikasema. "Tundu lilikuwa tupu tangu mwanzo. Kansa aliitunga Shangazi. Na mchumba wangu alimsikia daktari kwa masikio yake, akanyamaza." Mtu mmoja akasema "Amina" kwa mazoea, kisha akaziba mdomo. Shangazi akanyoosha mkono kutaka maikrofoni. Nikaihamishia mkono wa pili, na raha niliyoipata sijaitubia mpaka leo.

Mchumba wangu alinifikia kwenye maegesho. "Umemwaibisha Auntie mbele ya kanisa zima," akasema. "Lakini nimekusamehe. Si umepona?"

"Sikuwa mgonjwa," nikamwambia, nikavua pete na kumwekea kiganjani, wazee wa kanisa wakitazama.