Gari Nisilotaka Liishe

Ukweni walisema mimi ni mwanamke wa kutafuta kasoro, na sikatai. Mchele wa dukani nilikuwa nikiupekua hadi muuzaji akaanza kuangalia pembeni, na fundi aliyetujengea nyumba yetu pale Shari, nje kidogo ya mji wa Bunia, akiniona natokea tu, alishuka ngazi akaenda kuvuta sigara. Mume wangu alicheka. Alikuwa dereva wa lori, akipakia samaki huko ziwani na kuwaleta Bunia kwa njia ya Bogoro, na mtu aliyeizoea njia ile hasumbuliwi na mdomo wa mke.

Vita vilipofika kwetu, njia ilifungwa. Lori likabaki kwa patron, tajiri mwenye lori, na mume wangu akabaki nyumbani. Baadhi ya madereva wenzake walikuwa wameuawa njiani, watu waliokuwa wakija kwetu kula ugali na kunitania juu ya chumvi. Hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa. Alikaa barazani, mikono mapajani, akisikiliza risasi za mbali kama mtu anayesikiliza injini yenye hitilafu.

Ndipo akaanza gari. Ukutani tulikuwa na kalenda ya zamani aliyopewa kwenye duka la vipuri upande wa Uganda. Ilikuwa na picha ya gari la rali likiruka juu ya kilima cha udongo, taa nne mbele, matope hadi madirishani. Gari la namna ile aliwahi kuliona kwa macho yake likipita, na kila aliposimulia, mwendo wake ulizidi kuongezeka. Sasa akasema atalitengeneza hilo hilo, dogo la kuketi mezani, lakini kisikosekane kitu.

Bati alilikata kwenye mkebe wa mafuta ya msaada. Magurudumu aliyachonga kutoka kwenye soli ya sapatu ya mpira iliyochakaa, akayachora meno kwa wembe, moja baada ya jingine, na moja lilimmalizia siku nzima, wakati mwingine zaidi. Gurudumu la kwanza ndilo likawa kipimo chake. Aliangalia kwenye picha mlango una urefu wa magurudumu mangapi, kisha akapima hivyo hivyo kwenye bati. Nilimwona akitupa mlango mzima kwa sababu ulizidi kwa unene wa kucha. Nikamwambia kumbe humu ndani kuna mtu mbaya kuliko mimi.

Siku moja patron akatuma mtu.

“Patron anasema njia imefunguka kidogo. Basoda batasindikiza malori na bunduki. Anakuita.”

Mume wangu hakuinua macho. “Umwambie niko na kazi hapa. Nikimaliza, nitakuja.”

“Kazi gani?”

Akamwonyesha gari la mkebe. Yule mtu akacheka hadi akatoka uani. Sisi hatukucheka. Mwanaume aliyeilisha nyumba yake kwa usukani hawezi kusema naogopa, lakini anaweza kusema sijamaliza. Na mume wangu nilimjua: alichoahidi, alikitimiza. Gari likiisha, angekwenda.

Basi na mimi nikaanza kazi yangu.

“Weye, iyi motokari haina na talatala ya kuangaliaka nyuma.”

Akaenda kuitazama kalenda, akarudi akitikisa kichwa, akatafuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Vioo vilipokwisha nikauliza fimbo za kufutia mvua. Zilipokwisha nikauliza mpira wa kuzuia matope nyuma ya magurudumu, akaukata kwenye tyubu ya baiskeli. Viti alivishona kwa kitenge changu, bila ruhusa, nikapiga kelele ya kweli, halafu nikamwambia kwamba dereva wa rali anafungwa mkanda. Akatengeneza mikanda kwa kamba ya kiatu. Mtu wa patron akija aliambiwa bado milango haifunguki, bado taa hazina kioo.

Siku hizo tulikula majani ya viazi, na tena majani ya viazi. Watoto walikonda. Nilijua kabisa ninachokula na ninachokataa kula, na niliona afadhali majani, yeye akiwa pale barazani na ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akibandika kitasa kidogo kama punje ya mtama. Hatukulizungumza. Lakini zilikuwapo siku aliponitangulia, akauliza mwenyewe kwa sauti ya chini, “Mama batoto, iko kosa nini tena?”

Cha mwisho kilikuwa matope. “Ni safi sana,” nikamwambia. “Motokari ya rali haikuwake safi vile.” Akafurahi. Alichekecha udongo mwekundu wa uani kwa kitambaa, akauchanganya na gundi, akaupuliza kwa mrija wa kalamu. Alipoliweka juani likauke, niliona ni zuri mno, na moyo ukaniuma.

Asubuhi iliyofuata aliniita. Alifungua milango, akafungua boneti. Kisha akafungua kofri, ile sehemu ya nyuma ya kuwekea mizigo. Ndani mlikuwa mtupu, ila msumari mwembamba umesimama katikati.

“Angalia muzuri. Hakuna kitu inakosa?”

Nikatazama gari, nikatazama kalenda. Nilitafuta kwa macho, nikatafuta kwa kichwa.

“Uyu musumari utachoma batoto,” nikasema.

“Ni ile tu?”

“Ni ile tu. Imeisha.”

Akanitazama kidogo. Akafunga kofri kwa kidole, akaingia ndani kuvaa viatu.

Malori yaliondoka kesho yake na hayakufika Bogoro. Habari tuliletewa na mama mmoja muuza samaki aliyekimbia kwa miguu porini. Hatukurudishiwa hata shati lake la kuzika. Baada ya hapo patron hakutuma tena lori lolote, na hakuna mtu aliyekuja kuita madereva. Nilimlilia mume wangu kwa hasira, nikimlaumu yeye, patron, basoda, na lile gari.

Sikulitupa. Limekaa juu ya kabati miaka yote, na mimi hulifuta vumbi. Ule msumari umenichoma kidole mara nyingi. Kuung'oa sikuweza, kwa sababu aliugonga yeye.

Binti yetu ameolewa na dereva. Alipokuja kunisalimu mara ya kwanza, mkwe wangu alikaa ukingoni mwa kiti, macho chini, hana pa kuyaweka, mwisho akayaweka kwenye gari. Akaomba ruhusa ya kulishika. Akaligeuza pole pole, akasifu vioo, akasifu mikanda, akafungua kofri.

“Mama, roue de secours yake iko wapi?”

“Nini?”

“Gurudumu ya akiba. Ona, hapa njo banaifungaka.” Akagusa kichwa cha msumari. “Alishaka kutengeneza nafasi yake.”

Nikamwambia nakwenda kuangalia sufuria. Jikoni hakukuwa na moto.

Mimi, niliyeona kasoro kwenye mchele wa watu na kwenye kazi za watu. Gurudumu moja, siku nzima, wakati mwingine zaidi. Malori yangeondoka bila yeye. Na dereva hasahau gurudumu la akiba. Alilifungua kofri lile mbele yangu akangoja niseme.