Mtoto wa Siku Nne

Nilipokuwa msichana nilikuwa na kiherehere, na sioni haya kulisema hilo, maana waliokuwa wakinigombeza kwa ajili yake wamekwisha kufa wote. Nikijifunza jambo asubuhi, jioni lazima nyumba nzima ilijue. Kwa kiherehere hicho ndipo nikampelekea mama yangu habari za limbo.

Tulikuwa tukikaa juu kwenye uwanda wa Newala, upande wa Makote, kwa wajomba zangu. Mimi sikuzaliwa huko. Baba yangu alikuwa Mmwera wa bondeni, na vita vya Majimaji vilipofika kwetu alinyunyiziwa dawa pamoja na wenzake, akaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Aliondoka akicheka. Hakurudi, na nyumba zetu zikachomwa moto. Mama akanishika mkono tukapanda mlima kwenda kwa ndugu zake, naye ana mimba ya miezi minane. Tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, na siku nyingine hata hiyo hatukuipata.

Mtoto alizaliwa kwa wajomba, wa kiume, akaishi siku nne. Kwa desturi ya kwetu mtoto ambaye hajatolewa nje hajawa mtu. Hana jina, hana matanga. Bibi yangu na wanawake wengine wawili walimzika nyuma ya nyumba, pale penye unyevu tulipokuwa tukimwaga maji ya kuogea, na wanaume hawakuitwa. Mama alikatazwa kulia, ati akilia tumbo litafunga. Hakulia. Siku chache baadaye alichukua mtungi akafuatana na wenzake kuteka maji, na hakuna aliyempa pole.

Anayeujua uwanda ule anajua taabu ya maji. Juu kuna udongo mwekundu na vichaka tu. Maji yako chini kabisa, na mwanamke huteremka alfajiri akapanda jua likiwa limekwisha kuwa kali. Nilizipenda safari zile, nakiri. Mama alitangulia, mtungi kichwani bila kuushika, akizungumza nami bila kugeuka, na maneno yake yalipopita kwenye ndonya, kile kipande cha mti alichovaa kwenye mdomo wa juu, yalitoka na mluzi mdogo. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga mluzi wa chinichini nageuka kumtafuta.

Vita vilipokwisha na mapadre wa Kidachi kurudi kule chini, njia ya kwenda Masasi, mjomba alikubali nikafundishwe dini. Mwalimu wetu alikuwa Mmakua mmoja mpole, mrefu, koti lake moja mvua na jua. Tulikariri maswali na majibu kwa sauti ya kuimba, ndani ya banda la nyasi lililonuka moshi, na nikifumba macho nalisikia bado. Niliyashika yote upesi: mbinguni, toharani, motoni. Motoni palinipendeza zaidi, kwa kuwa niliwapanga huko watoto wote walionionea. Kisha siku moja mwalimu akataja limbo, mahali pa watoto wachanga waliokufa bila ubatizo. Hawaungui, alisema, hawaoni njaa, wana raha yao. Ila uso wa Mungu hawatauona milele.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama akimenya mihogo. Nikamwambia yule mtoto wetu yuko limbo. Nilitaka ashtuke, aogope, kisha aombe ubatizo; ndiyo hila niliyoipanga njia nzima.

Mama akaacha kumenya. "Yuko?"

"Yuko, Mama. Lakini..."

"Nani kasema yuko?"

"Mwalimu. Imeandikwa."

Akalia. Machozi aliyoyabana tangu mwaka ule wa njaa aliyalia pale pale juu ya mihogo, kwa sauti, huku bibi akimkaripia kutoka barazani. Nilidhani nimeleta habari mbaya. Kumbe kwake ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba alizaa mtu.

Nilipokwenda tena kufundishwa alifuatana nami. Hakuingia bandani, alingoja nje mpaka tulipomaliza, akamwendea mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Huyu mwanangu anasema kuna mahali pa watoto wachanga. Nani anawabeba huko?"

Mwalimu alinitazama, akatazama chini. "Hawana haja ya kubebwa, mama. Wana raha."

"Mtoto wa siku nne ana raha gani asipobebwa?" Hakungoja jibu. "Nikibatizwa nitampata?"

Mwalimu angeweza kusema uongo, na mimi nilimwomba Mungu amfanye auseme. Lakini alikuwa mtu mkweli. "Ukibatizwa ukaishi vema, utakwenda mbinguni. Yeye atabaki limbo."

"Nikiwa mbinguni siwezi kuteremka kumwona? Mimi kuteremka nimezoea."

"Hakuna njia, mama."

"Na nisipobatizwa?"

"Wewe ni mtu mzima, na neno umelisikia. Ukilikataa ni motoni."

Nikamwona akiwaza, vilevile alivyowaza alipotaka kujua njia ipi ina mteremko mwepesi. "Huko motoni na limbo, ni mbali?"

"Wakubwa wa dini wanasema limbo iko pembezoni mwa moto. Moto wenyewe haufiki."

"Pembezoni," akasema mama. "Basi nikiita atanisikia."

Akamshukuru, akaaga kwa adabu zote, tukapanda mlima. Nilimkasirikia njia nzima. Nilimwambia ni mshupavu, hajui moto, mimi nimeusoma. Alinisikiliza mpaka juu kabisa, kisha akasema, "Baba yako alinyunyiziwa maji akaenda peke yake. Mimi sitaki kwenda peke yangu." Hatukulizungumza tena.

Mimi nilibatizwa Pasaka iliyofuata. Alikuja kunitazama, amejipaka mafuta, amevaa nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akasimama mlangoni mwa kanisa akitabasamu. Alisema nilipendeza.

Miaka michache baadaye, Mdachi angali anatawala, kifua kilimlaza mama. Kule chini tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu akiwa kufani Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo na maneno machache yanatosha. Maneno nilikuwa nayo. Maji niliyateka mwenyewe alfajiri, nikapanda nayo, na moyoni nimekata shauri. Atakapopoteza fahamu nitambatiza, akizinduka azindukie mbinguni anigombeze huko.

Ilikuwa mchana, bibi amekwenda kutafuta mizizi ya dawa. Pumzi ya mama ilikuwa inakatikakatika, macho ameyafumba. Nilijaza kiganja changu maji, nikamsogezea usoni, mdomo wangu ukiwa wazi kuanza. Akafumbua macho. Alijua kabisa. Aliushika mkono wangu, akauvuta mpaka mdomoni, akanywa.

Kisha akafumba macho tena, na nikabaki na kibuyu kizima cha maji. Nilikuwa na nafasi, na hakuna ambaye angenizuia. Alikata roho alasiri, sijamnyunyizia hata tone. Nilichukua maji yaliyobaki, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikayamwaga pale penye unyevu, taratibu, mpaka yakaisha.

Sikumwambia padre. Nimeungama mambo mengi maishani, mengine ya kijinga kabisa, hilo sikuliungama, kwa sababu kuungama kunataka mtu ajute. Siku ya Marehemu wenzangu wanapowaombea watu wao mimi napiga magoti pamoja nao, nawaona wale wawili: mama amembeba mtoto mgongoni, amemfunga vizuri kwa nguo, anatembea pembezoni akimsimulia kwa ule mluzi wake.

Wanawake wa rika langu wanaogopa moto. Wanasali rozari wakitetemeka. Mimi ninachoogopa ni kwamba nitafika mbinguni salama, nigeuke huku na huku, nisimwone mtu wa kwetu.