Picha Mbili za Koo la Mbwa wa Mama

Mbwa wa mama akibweka kuwafukuza kunguru kwenye ndagala, vile visamaki mama anavyoanika juani, mbweko wa tatu hugeuka kikohozi, naye hubaki amenyoosha shingo akitafuta hewa. Munganga wa mifugo alimpapasa, akasema huenda mrija wa pumzi umelegea. Ukiwa umelegea kidogo, dawa ya maji itatosha. Ukiwa unajifunga, heri sindano ya kumlaza moja kwa moja kuliko kumwacha afe kwa kukosa hewa. Ilibidi upimwe.

Mashine za mbwa hatuna, kwa hiyo tulikubaliwa kwenye zahanati ya watu, wagonjwa walipokwisha. Fundi wa eksirei alimlaza ubavu, mama akashika miguu, na yule bwana, kwa mazoea ya kazi, akamwambia mbwa: "Vuta pumuzi. Usipumue." Nilicheka. Yeye alingoja kifua kiinuke, ndipo akabonyeza. Picha ikatoka safi, mrija mpana, umenyooka. Mama akamshukuru Mungu.

Chumba cha pili, mwanamke wa ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili ukicheza, alimpaka mbwa mafuta shingoni, akapitisha kile kifaa chake. Mbwa akakohoa, na palepale kwenye kioo mrija ukalala bapa.

"Unajifunga," akasema.

Koo ni moja, mbwa ni huyohuyo! Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilitazama mara mbili, na bado nilitamani kuambiwa.

Munganga naye hakunisaidia. Eksirei, alisema, imekamata pumzi moja tu, tena ile iliyojaa. Ekografi inaona koo likicheza, ila mkono ukikandamiza unaweza kulibana wenyewe. Nikauliza kuhusu skana, ile mashine kubwa ya hospitali inayopiga picha za ndani vipande vipande. Hiyo iko mbali, akasema, na huko watamlaza kwa dawa na kumtia bomba kooni, nalo bomba litaushikilia mrija wazi, usionekane ukijifunga. Nilizidi kupotea.

Mama alikuwa amempakata mbwa wake. Akaniambia, "Weye njo ulisoma, miye sikusoma. Tuamini picha gani?"

Nilisema eksirei, kwa sababu ndiyo ingemrudisha mbwa nyumbani bila ile sindano.

Munganga akatupa dawa ya maji. Ile picha ya eksirei mama ameitundika dirishani. Kunguru bado wanakuja, mbwa bado anawabwekea, na akianza kukohoa mama huacha ndagala zake, akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.