Mashine ya visa ilikataa vidole vyangu, na kosa lilikuwa langu

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekuwa humu miaka mingi, kazi yangu ikiwa kusoma na kupita kimya. Leo naandika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wala jirani, na kuna watu wa Gatitu humu ndani ambao wataniumbua nikiongeza chumvi.

Mimi ni mwanafunzi wa masters katika chuo kimoja hapa Nyeri. Utafiti wangu ni wa mifereji ya maji kule Giakanja: wakulima wanagawana maji vipi kwa zamu, nani anafungua, nani anafunga, na wanafanyaje mtu akiiba zamu ya mwenzake.

Si mambo ya kumfanya mtu akose usingizi. Lakini nilituma abstract kwa conference moja ya mambo ya maji huko Ulaya, wakaikubali. Tena wakasema tiketi na mahali pa kulala ni juu yao.

Kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Mimi ndege nilikuwa najua sauti yake tu.

Sasa kuna upande mmoja wa maisha yangu ambao watu wa chuo hawakuujua.

Nilikuwa nafanya mjengo.

Gatitu inajengwa kila kona, plot ikiuzwa leo keshokutwa mchanga umemwagwa. Nilianza kama kibarua wa kubeba karai, nikapanda cheo, sasa napiga plasta. Napiga vizuri pia, sitajishusha. Jumatatu mpaka Jumatano niko mjengo, Alhamisi na Ijumaa chuo, Jumamosi mjengo tena. Ndiyo kazi iliyonilipia karo.

Bosi wetu ni Fundi Wekesa, mzee wa Bungoma aliyekuja Kiganjo akiwa kijana kujenga nyumba za watu na hajarudi kwao mpaka leo. Pale saiti hakuna aliyejua jina langu. Tangu siku ya kwanza waliponiona na kitabu wakati wa chai, jina likawa Msomi.

Darasani hali ni nyingine. Wenzangu ni walimu, watu wa ofisi za county na askari wawili kutoka Kiganjo, wote wa kuvaa blazer. Nilikuwa nimewaambia niko na consultancy ndogo huko Gatitu. Haikuwa uongo kabisa. Pale saiti walikuwa wananiuliza mchanga umebaki kiasi gani, nami nawaambia.

Turudi kwa visa.

Nikapata appointment ya Jumatatu, Nairobi, kupeleka makaratasi na kutoa alama za vidole. Nikaingia humu kusoma uzoefu wa watu, nikakutana na uzi mmoja jamaa anasema hao watu wa visa wanaangalia mpaka mikono. Ati ukiwa na mikono ya kazi ngumu wanajua hiyo conference ni story, unaenda kutorokea huko utafute vibarua.

Sijui kama ni kweli. Niliamini.

Kumbuka wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza kazi ili nimalizie ukuta wangu kabla ya safari. Plasta ya mkono mtupu, asubuhi mpaka jioni. Simiti ina tabia yake: inakula ngozi polepole, inaikausha, halafu inapasuka. Vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kama njia ya murram wakati wa kiangazi.

Basi Jumapili baada ya kanisa nikachukua beseni, maji moto, ndimu, na lile jiwe la kusugua visigino. Nikaketi mlangoni, nikasugua.

Nilisugua kidole kimoja kimoja kama mtu anayeosha viazi vya wageni. Saa mbili nzima. Simiti ikatoka, magamba yakatoka, na nilipomaliza mikono ilikuwa laini, ya waridi, mikono ya mtu wa ofisi kabisa.

Nilifurahi sana. Hata nilijipiga picha.

Jumatatu nikafika mapema na makaratasi yote yamepangwa. Dada wa kaunta alikuwa mpole, akapitia barua moja moja, hakuna iliyokosa. Halafu akanionyesha kile kioo cha mashine.

"Weka vidole nne za mkono wa kulia."

Nikaweka. Taa nyekundu.

"Finya kidogo." Nyekundu. "Usifinye sana." Nyekundu. Akanipa wipes, nikapangusa. Akanipa lotion yake mwenyewe kutoka kwa handbag, nikapaka. Tukajaribu kushoto, tukajaribu gumba peke yake. Mashine haikuona kitu. Nyuma yangu foleni ilianza kukohoa.

Akashika mkono wangu, akaugeuza kwa taa.

"Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa nini?"

"Wa maji."

"Sasa maji ndio imekufanya hivi? Hii vidole ni kama mtu amezipiga msasa."

Nikavuta mkono wangu. Jiwe na msasa si ni ndugu?

Akaniandikia nirudi baada ya wiki mbili, ngozi ikisharudi, na nije na barua kutoka chuo inayoeleza ni kwa nini alama hazikupatikana. Conference ilikuwa imebaki wiki sita, na visa yenyewe, ukishatoa vidole, ilikuwa inachukua kama wiki tatu. Ikikataa tena mara ya pili, safari imekwisha.

Nilitembea mpaka stage nikiwa nimeficha mikono mfukoni.

Supervisor wangu ni mama mmoja kutoka upande wa Chuka. Mkali, hapendi maneno mengi, na akikusahihishia chapter unaweza kudhani karatasi imetoka damu. Tunamwita Doc. Jumanne asubuhi nikaenda ofisini kwake kuomba barua, na njiani nikatunga.

Nikamwambia mashine za Nairobi zilikuwa zimeharibika. Network.

"Network?" akasema. "Na wanataka mimi niandike barua juu ya network yao? Hapana. Leta namba yao. Wacha niwaulize vizuri."

Na akachukua simu. Doc si mtu wa kutisha tu, anapiga kweli.

"Doc, ngoja kidogo."

Nikamwambia yote. Mjengo, plasta, ndimu, jiwe. Nikaweka mikono juu ya meza yake kama mtoto wa shule anayengoja kiboko.

Aliiangalia kidole kwa kidole. Halafu akavua miwani.

"Kila Thursday unakuja hapa macho ni nyekundu. Mikono inatetemeka. Unalala kwa seminar mbele ya wageni. Wewe kijana, mimi nilijua unakunywa."

Akavaa miwani tena.

"Hata kwa prayer cell yetu nimekuweka kwa list tangu mwaka jana. Wamama wa watu wanakuombea uwache pombe, na wewe unapiga plasta?"

Wakuu, sijawahi kuonja hata muratina. Mnajua jinsi vijana wa huku kwetu wanavyosemwa kwa mambo ya pombe. Mimi nikaona aibu ya mwiko wa plasta, nikaachia watu nafasi ya kunipa aibu ya chupa. Hapo ndipo nilipoanza kuona ujinga wangu ulivyo mrefu.

Akaanza kuandika barua, na nikaona anaandika ukweli mtupu: kwamba ninajilipia karo kwa kazi ya ujenzi na vidole vimechakaa kwa simiti. Nikamwomba aandike ugonjwa wa ngozi. Nikamweleza ile hofu yangu, kwamba wakijua ni mtu wa mjengo watanikataa.

"Ugonjwa upi? Niandike uongo na letterhead ya chuo?" Akapiga muhuri. "Wakikukataa, wakukatae ukiwa wewe."

Nilitoka na barua nikiwa na uhakika kwamba hiyo ndiyo itanizika.

Kutoka hapo nikaenda saiti kumwambia Fundi Wekesa kwamba sitaweza kugusa simiti wiki mbili. Nilidhani atakasirika kwa sababu ya kazi. Mwenye plot alikuwa anataka wapangaji waingie mwisho wa mwezi, na ukuta wangu ulikuwa nusu.

Nilipomweleza mpaka lile jiwe, kuhusu kazi hakusema lolote. Aliuliza kitu kingine.

"Hiyo jiwe ulikuwa unasugua nini?"

"Simiti, Fundi."

"Simiti inatoka na maji na mafuta. Wewe ulikuwa unasugua sisi."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Vijana wengine wakainama kwa koroga yao ya simiti, wakajifanya hawasikii.

"Mimi nimesomesha watoto wanne na hii mikono, Msomi. Hakuna siku nimeificha kwa mfuko."

Nikatoa mikono yangu mfukoni.

Baadaye akatoa kopo la milking jelly, ile ya kupaka ng'ombe matiti wakati wa kukamua, akanitupia. Nipake asubuhi, mchana na jioni. Kwa hizo wiki mbili alinipa kazi ya kushika kamba, kusoma level na kupokea lori za mchanga. Kazi ya mtoto, malipo yaleyale.

Ukuta wangu ukapigwa na yeye mwenyewe. Ana magoti mabovu, kupanda jukwaa anapanda kwa upande kama kaa. Kila nikimwona pale juu na mwiko wangu niliumia. Nilitaka kumwambia ashuke, lakini hapo ningelazimika kushika simiti mwenyewe, na angenifukuza.

Siku ya tisa nikaangalia kidole gumba kwenye jua, nikaona mistari inarudi. Midogo, kama mifereji ukiiona kutoka mlimani. Nilikimbia kumwonyesha kila mtu. Mmoja akaniambia nikawaonyeshe wa nyumbani, maana yeye ako na kazi.

Wiki mbili zikaisha, nikarudi Nairobi. Safari hii kaunta ilikuwa ya kijana fulani asiye na stori. Mkono wa kulia ukasomeka wote. Wa kushoto vikasomeka vidole vitatu, viwili vikakataa, akajaza fomu ya kueleza. Akafika kwenye barua ya Doc, akaisoma mpaka chini.

"Occupation umeandika student. Hapa wanasema unafanya construction."

"Ni zote mbili."

"Niandike zote?"

Nikaangalia muhuri wa Doc pale chini ya barua.

"Andika zote," nikasema.

Akaandika, akaniambia next.

Zikafuata wiki tatu za kungoja. Sitazieleza, aliyewahi kungojea visa anajua, na ambaye hajangojea nisimwogopeshe. Nilirudi kwa plasta, nikiwa na gloves. Walinicheka, wakazoea.

Juzi simu ikaingia: bahasha yako iko mjini, njoo na kitambulisho. Fundi Wekesa alikuwa ameshatoa amri kwamba isifunguliwe popote isipokuwa saiti. Nikaibeba hivyohivyo imefungwa mpaka Gatitu. Nikafika saa nne, wakati wa chai.

Nikafungua mbele ya watu saba na sufuria ya chai ya strungi.

Visa ilikuwa ndani.

Kelele zilipigwa mpaka jirani akatoka kuuliza nani ameanguka. Fundi Wekesa akaja karibu, mikono nyuma.

"Fungua nione."

Nikampa pasipoti. Hakuichukua.

"Shikilia wewe. Mimi niko na simiti, nitachafua kitabu ya serikali."

Wakuu, aibu ya siku ile ya kaunta ilikuwa mchezo. Huyu mzee alinipigia ukuta wiki mbili kwa magoti yale, na sasa anasimama mbali na karatasi yangu.

"Shika, Fundi," nikamwambia.

Akasita. Akapangusa mikono kwa suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono, akaishika. Akasoma jina langu kwa sauti, lote, majina matatu, polepole. Miaka miwili na nusu tumefanya kazi pamoja, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.

Alama ya kidole gumba chake ilibaki kwenye jalada. Ya kijivu, mistari yote inaonekana. Sijaifuta, na sitaifuta.

Ndege ni Jumanne.

Fundisho? Kama unafanya kazi ya mikono na una biometrics, pumzisha vidole wiki mbili kabla, paka milking jelly, na mawe uyaachie visigino. La pili ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia nifiche kazi yangu. Nilijificha mwenyewe, nikajisugua mwenyewe, na mzee wa watu akapanda jukwaa kwa ajili yangu.

Walio humu wanaochuma majani chai, wanaofua nguo za watu, mafundi wenzangu: mashine hizi huwa zinawasoma? Na nyinyi mliosoma huku mkifanya vibarua, mliwaambia watu wa darasa, ama mlikuwa na consultancy kama mimi?

Andikeni hapo chini bila kuniogopa, hata matusi yanayonistahili. Nasoma zote mpaka Jumanne, halafu naambiwa simu inazimwa.