Stesheni Wagoni ya Kwenda Ndalambo

Nilitoka Hasamba kwa sababu ya dada yangu Tabitha. Mvua za mwaka uliotangulia nilimfuata kwa mumewe, kijijini Ndalambo, nimlete hospitali ya misheni huku kwetu Mbozi ajifungue. Njiani tumbo la gari lilikalia tuta la katikati ya barabara, magurudumu yakabaki yakizunguka bure kwenye makorongo yaliyochimbwa na malori. Mtoto alizaliwa humo garini, akafa. Sasa Tabitha alikuwa mjamzito tena, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Asubuhi nilipita Vwawa bila kusimama, na kabla ya adhuhuri nikawa Tunduma kwa fundi Siame, aliyejifunza kazi kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Stesheni wagoni yangu niliinunua kwa mlowezi aliyerudi kwao. Ilikuwa gari zuri, ila fupi la miguu. Siame akalala chini yake, akatoka na vumbi kichwani.

"Nitakuongezea vipande vya springi na tairi za lori dogo. Unabeba nini humu?"

"Kahawa. Magunia sita," nikajibu kwa majivuno. Mkulima wa kahawa ukimwuliza anabeba nini, hana jibu jingine.

Alifanya kazi siku mbili. Alipanga springi, akakata kingo za madigadi ili tairi zisikwaruze, akaweka mipira mirefu ya breki. Gari likasimama juu hata nikawa napanda kwa kudandia.

Siku ya tatu nilishika njia ya Ndalambo. Tuta likapita chini yangu bila kugusa chochote, nikapiga kelele za furaha peke yangu. Gari tupu lilinirusha hadi kichwa kikagonga paa, lakini sikujali, kichwa ni changu.

Ndalambo nilipewa uji wa ulezi, nikakuta mashemeji wamefunga mizigo tayari kumsindikiza mzazi, kama ilivyo desturi. Nikawakatalia wote.

"Gari jepesi halikwami," nikawaambia, nikampakia Tabitha na mama mkwe wake tu.

Hatukumaliza hata mashamba ya kijiji, gari likiturusha kwenye kila shimo. Tabitha alishika tumbo.

"Kaka, simama! Utaniua mtoto!"

Nikasimama. Ndipo nikaelewa kwa nini Siame aliniuliza. Springi zilikuwa ngumu, za kulazwa na magunia sita, nami nimepakia wanawake wawili.

"Si tulikuambia watu wapande?" mama mkwe akasema.

Nikarudi polepole, kichwa chini. Mashemeji walikuwa bado barabarani, wamekalia magunia yao ya ulezi. Walipanda watano na magunia matatu, gari likatulia, likaenda kwa upole. Njia nzima walinicheka, wakiniita Bwana Mwepesi. Nilistahili.

Jioni, Tunduma, nilitaka kupunguza mzigo, nikidhani kwenye barabara kuu uzito hauhitajiki tena. Siame alichungulia ndani, akakataa kwa Kibemba cha migodini.

"Awe, mukwai! Usishushe hata mmoja."

Tabitha alijifungua mtoto wa kike siku mbili baada ya kufika hospitali. Nilipomwona nililia mbele za watu.

Wakati wa kumrudisha Tabitha na mtoto, mashemeji walikuwa wameshaondoka. Nilizunguka Hasamba nyumba kwa nyumba, mimi niliyekuwa nikiwakimbia watu wa kuomba lifti, nikawaomba ndugu wanipandie gari. Walikuja saba. Mtoto alilala hadi Ndalambo.