Meno Yaliyoliwa

Kijijini kwetu Myamba kulikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, mali ya akina mama wote. Maana yake ni kwamba ilikaa barazani kwetu, na lawama zake zikakaa na mama. Hivyo ndivyo nilivyoujua ujamaa kabla hata sijamaliza shule: cha wote kikiharibika, humwangukia mmoja.

Kikundi kilikuwa kimepewa kazi ya kushona sare za shule. Mashine ilitangulia, kitambaa kikachelewa, na duka la kijiji halikuwa na hata kipande cha marekani cha kufundishia. Mama, ambaye peke yake alijua kushona, akaona wenzake wasikae bure, wazoeze miguu kwanza. Basi kila wakitoka shamba walikuja kwetu, wakapokezana kwenye kiti. Mmoja anakaa, anashusha mguu wa mashine, ule unaobana nguo, kama anayeshona kweli, anakanyaga. Uzi hakuna, nguo hakuna. Nami nilikanyaga. Tuliipenda mno ile sauti, na aliyepita njiani angedhani Myamba inaivisha wilaya nzima ya Same.

Kitambaa cha kaki kilipofika, cherehani ikagoma. Nguo haikusogea, sindano ikawa inapiga pale pale. Mama akafungua kichwa cha mashine, akakiviringisha kwenye blanketi na kukibeba peke yake mpaka Hedaru. Kulikuwa na fundi kando ya barabara kuu, mtu wa Kigoma aliyekuja kukata mkonge akaishia kwenye cherehani. Alikuwa na mdomo mkali na hakupenda kuharakishwa. Akamwambia mama aiache, atatuma habari.

Habari ilipanda mlima na jirani yetu aliyekuwa ameshusha ndizi sokoni. Nyumbani sote tulisema Chasu, lugha yetu, na Kiswahili cha jirani kilikuwa cha kuuzia ndizi tu. Alitukuta katikati ya kikao cha akina mama, akasimama mlangoni, akasema alivyosikia yeye.

"Fundi asema meno ya mashine yameliwa."

Meno ni vile vyuma vidogo vinavyosukuma nguo chini ya sindano. Kuliwa, miaka ile, kulikuwa na maana moja. Duka la kijiji lilikuwa limeliwa, na mbolea nayo ikaliwa. Kitu kikiliwa kuna mlaji, na aliyelala na mashine nyumbani, aliyeibeba peke yake mpaka Hedaru ambako vipuri vilitafutwa kwa udi na uvumba, alikuwa mama yangu. Walimtazama tu. Mwishowe shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi, akasema kwa upole.

"Wifi, roho zetu zitulie. Tufungulie sanduku."

Mama angeweza kukataa. Alilifungua. Wakatoa kanga zake mbili, wakatoa gauni la kanisani, kisha wakatoa gagulo lake la kuvaa ndani ya gauni. Alikuwa amelishona kwa mfuko wa ule unga wa njano tuliogawiwa mwaka wa njaa, na maandishi ya Kizungu hayakuwa yamefutika, yamekaa hasa pale pa kukalia. Mama mmoja aliyekuwa amesoma kidogo akayasoma na kuyatafsiri: si ya kuuzwa. Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Gagulo likapita mikono yote, likapapaswa upindo, kwa kuwa meno ya cherehani ni madogo na yangeweza kufichwa humo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na sikuwa ninamhurumia mama, nilikuwa ninamwonea aibu kwa kukosa gagulo la dukani, utadhani mimi nilikuwa nalo. Meno hayakuonekana. Walivikunja vitu vyake vizuri kuliko walivyovikuta, na hilo likaniuma zaidi.

Kesho yake tuliteremka watatu, mama, shangazi na mimi. Tulipofika, shangazi hakusubiri hata kupumua. Alimsalimu fundi, akamuuliza meno yameliwa na nani.

Fundi aliweka tupa yake chini. "Nilisema yamelika, yaani yamesagika. Hiyo yameliwa mmeitoa wapi?"

Akamwambia shangazi apitishe kidole. Meno yalikuwepo yote, laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Akauliza kama tulikuwa tunakanyaga mashine tupu, mguu ukiwa chini. Tukatazamana, akajua. Akatueleza kwamba kitambaa ndicho kinachoyalinda meno, na kikikosekana chuma kinasaga chuma. Basi mwizi hakuwepo. Tuliyala wenyewe, kikundi kizima, huku tukicheka.

Shangazi akaiona cherehani nyingine chini ya meza, imeshika vumbi. Akasogea, akanong'ona kwamba kwa kuwa mwenye nayo haonekani, fundi angetoa meno yale akatutilia sisi.

"Yale yana mwenyewe, mama," fundi akasema, wala hakunong'ona.

Angetaka kutudanganya tungejua nini sisi? Alituambia wazi kwamba meno mapya hayapatikani hata Same mjini, kwamba atayachonga ya kwetu kwa tupa na yatashika nguo, ila yakilika tena hayatachongeka. Shangazi uso ulimshuka. Mama alikuwa akiangalia malori barabarani, kana kwamba habari hizo hazimhusu.

Shangazi hakuficha kitu kwenye kikao, nampa haki yake. Wakamwomba mama radhi, na mama akasema yamekwisha. Nami nikaamini yamekwisha. Lakini wale walikuwa wanawake wa kanisa, na toba yao ilitaka kuonekana. Mashine iliporudi hawakuanza na sare. Walitafuta kitambaa cheupe, sijui walikipata wapi wakati ule wa shida, wakamshonea mama gagulo lenye lesi. Walilileta wote pamoja, limekunjwa juu ya ungo, kwa vigelegele, na majirani wakatoka kuangalia kuna nini. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Walipoondoka aliniambia kwa Chasu kwamba heri wangemtukana.

Asingeweza kuliacha sandukuni. Wangesema ana kinyongo. Jumapili akalivaa. Tulipoingia kanisani wale wanawake waligeuka mmoja mmoja, wakamtabasamia kwa upendo kabisa, na macho yao yakateremka mpaka kwenye pindo la gauni lake kuona kama amelivaa. Mama alitembea hadi kwenye benchi letu, akakaa, akalivuta pindo la gauni ili lesi isionekane, na watu wote waliposimama kuimba yeye hakusimama.