Gobore Lililokaa na Baruti

Tuliokuwepo shambani asubuhi ile ni hawa: mume wangu mwenye gobore; mama yake, yaani mama mkwe wangu; kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu; jirani yetu Mkerewe, ambaye hakuwa ndugu ila tulihamishwa naye kwa lori moja, na mimi, nikiwa na mtoto mgongoni. Majina yao ninayo yote, lakini wengi wameshalala na siwaamshi.

Kule tulikotoka, nyuma ya Igoma, gobore lilitundikwa darini juu ya mafiga. Ukishashindilia baruti na chuma, ukaziba mdomo wa mtutu kwa nta, moshi unalitunza msimu mzima, likabaki kavu. Fataki, ile ya kuwashia baruti, huiweki mpaka siku ya kazi, maana nyumba ina watoto.

Katika kijiji cha Ujamaa nyumba zilipangwa mstari, na jiko likawa nje, kibanda cha nyasi kisicho na mlango. Mume wangu aliogopa wezi. Akalitundika gobore chumbani, kwenye ukuta wa udongo ambao hata chumvi ukiiweka karibu nao inatoa maji.

Mama mkwe akamwambia, “Mwanangu, lirudishe kwenye moshi. Au lipige hewani, ushindilie upya.”

“Nishindilie nini, mama? Mjini baruti hakuna. Iliyomo humo ndiyo hiyo hiyo.”

Mkerewe akipita hunicheka mimi. “Shemeji, gobore la mumeo lina mimba ya tembo.”

“Litazaa kiboko,” mume wangu anajibu kutoka ndani, “na wewe utakuja na sufuria kuomba nyama.”

Mvua zikakata mapema. Shamba la kijiji likaungua na jua. Tulichobaki nacho ni mahindi yetu ya kando ya ziwa, yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu, na viboko wakayajua. Usiku tulipiga madebe kuwafukuza mpaka mikono ikavimba. Asubuhi ile, kumeshapambazuka, tukamkuta mmoja bado yumo, anakula bila wasiwasi, kama ng’ombe zizini.

Mume wangu akapiga goti, akaweka fataki. Ikalia, ta. Baruti kimya. Hakulishusha, maana baruti yenye unyevu huchelewa, ikakulipukia usoni. Tukangoja. Akaweka fataki nyingine. Ta. Kiboko akainua kichwa, akatutazama, akaendelea kula.

Mkerewe hakutania. “Bwana, acha. Atakuua.”

“Turudini,” mama mkwe akasema.

“Na mahindi, mama?” mume wangu akauliza.

“Mahindi ameshayala.”

Kesho yake kiboko alirudi na wenzake, na halikubaki bua. Mwaka ule tulikula unga wa njano wa msaada ulipofika. Usipofika, majani ya kunde na maji. Maziwa yakanikauka, mtoto akawa analia bila sauti. Lile gobore halikufyatuka wala halikutolewa baruti, maana chuma cha kuichomolea kilipotea siku ya kuhamishwa. Mume wangu hakupanda tena kando ya ziwa. Ukimsemesha anaitikia “Ee” tu, anaangalia chini.

Kama yupo anayeikumbuka asubuhi ile, au aliyesimuliwa na wazee wake, na mimi nimepotosha, anisahihishe. Shemeji yangu mpaka anakufa alisisitiza kwamba moshi kidogo ulitoka mtutuni. Mimi sikuuona.